Bei ya Mbweha wa Taa

Fundi Gesi alikuwa mtu wa mafriji. Ukimpelekea friji lililogoma, hakukimbilia bisibisi. Aliweka sikio ubavuni mwake, akafumba macho, akasikiliza kompresa inavyokoroma, kisha akakutajia ugonjwa wake kabla hujamaliza kusimulia jinsi maziwa yalivyokuharibikia. Miaka ishirini na minne alikuwa kwenye karakana ileile ya mlango mmoja, katikati ya duka la vioo na kinyozi, sakafu imejaa vipande vya mabomba ya shaba, ukutani kalenda ambayo mwaka wake ulishapita zamani. Hakuwa mlevi, hakuwa mcheza kamari, na nyumba ndogo hakuijua. Mkewe aliwaambia mashoga zake kwamba mume wake ana ugonjwa mmoja tu, nao unakaa kwenye boksi chini ya kitanda.

Ndani ya boksi mlikuwa na kaseti za gemu za zamani. Si hizi gemu za simu ambazo watu wanazicheza wakiwa msalani. Ni zile kaseti nene za plastiki za kuchomeka kwenye mashine, ambazo zikigoma unazichomoa, unazipuliza kwenye meno yake ya chini, unazirudisha. Fundi Gesi alijua fika kwamba kupuliza hakuponyi kitu, mate yanaotesha kutu tu. Angemkaripia mtu yeyote aliyepuliza saketi mbele yake. Lakini za kwake alizipuliza, tena mara mbili.

Mwanzoni ugonjwa ule ulikuwa wa bei rahisi. Watu walikuwa wanazitupa. Kaseti tatu alipewa pamoja na friji bovu, mbili aliziokota kwenye takataka za ofisi iliyokuwa inahama. Kisha dunia ikaingiwa na wazimu. Watoto wa zamani wakawa watu wazima wenye mishahara, kila mmoja akaukumbuka utoto wake, wakaanza kuununua. Wenye maduka wakasikia harufu. Kaseti iliyokuwa inazuia mlango usipigwe na upepo ikaitwa adimu. Yenye boksi lake ikaitwa adimu sana. Na ile ambayo haijawahi kufunguliwa, ingali ndani ya nailoni ya kiwandani, bei yake ilitajwa kwa sauti ya chini kama habari za msiba. Mtu ananunua, anaweka kabatini, yeye hachezi na mwanawe hagusi. Kwa Fundi Gesi hiyo ilikuwa sawa na kununua friji halafu ukakataa kulichomeka kwenye umeme.

Yeye hakuwa na habari na hizo adimu zao. Alitafuta kaseti moja tu, na sababu yake hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe.

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, baba yake, mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, alirudi nyumbani na mashine ya gemu aliyoachiwa na bosi wake aliyekuwa anahama. Mashine ilikuja na kaseti moja. Stika yake ilikuwa na mchoro wa mbweha wawili, mmoja ameshika taa, mwingine kamba, na chini yao maandishi ya lugha ambayo hata baba, aliyeshinda na herufi kutwa, hakuweza kuyasoma. Basi yeye na dada yake, aliyemzidi miaka miwili, wakaibatiza wenyewe: Mbweha wa Taa.

Gemu ile huwezi kuicheza peke yako. Mwenye taa alitangulia, mwenye kamba akamvuta kila alipoteleza. Taa ikizimika, skrini ilikuwa nyeusi ti, na mwenye kamba ilimbidi aikumbuke njia kwa kichwa na kutoa amri: hatua tatu kulia, ruka, simama! Kamba ilikuwa ya dada, maana kichwa chake kilikuwa hakisahau kitu. Kulikuwa na madaraja saba, na la saba hawakuwahi kulivuka. Mwaka mzima, kila siku baada ya shule, walikaa sakafuni mabega yakigusana, mama akiwapigia kelele kutoka uani waje wamsaidie kuanika. Ukimwuliza Fundi Gesi siku ya furaha kuliko zote maishani mwake, hatakutajia harusi yake, na mkewe asije akasikia.

Na huyu huyu ndiye aliyeiuza. Aliuza mashine na kaseti yake kwa kijana wa shule ya jirani, akapata viatu vya mpira vyenye mistari myekundu. Viatu akasema amepewa na timu. Mashine akasema imeibwa, mwizi ameingia dirishani. Siku ile aliyekuwa wa mwisho kutoka nyumbani ni dada. Dada akaapa kwamba dirisha alilifunga. Baba hakumpiga, afadhali angempiga. Alimvua ufunguo wa nyumba aliokuwa akiuvaa shingoni kwa uzi tangu ana miaka tisa, akamvalisha mdogo wake.

"Kuanzia leo nyumba anaitunza huyu," alisema baba.

Na mtoto yule akauvaa.

Dada leo ana miaka arobaini na tisa, ni muuguzi mkuu wa wodi, wauguzi wadogo wakisikia viatu vyake kwenye korido wanaficha simu. Lakini kabla ya kutoka kwake anakagua madirisha mara tatu, kila moja analisukuma kwa kiganja. Wanawe wanamcheka. Fundi Gesi akimwona anasukuma dirisha, anainamia sahani yake. Mara nyingi alifungua mdomo aseme, akaishia kuomba chumvi. Baba akafariki bila kuambiwa. Mwishowe akajiwekea nadhiri: siku atakayomtia dada yake Mbweha wa Taa mkononi, siku hiyohiyo atasema. Mikono mitupu asingeweza. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini ya huyu ilikuwa imefika miaka thelathini na tatu na bado alikuwa anaitembea.

Basi Jumatatu moja, akiwa amelala kifudifudi nyuma ya friji la bucha, simu ikalia. Lilikuwa kundi la wakusanyaji wa gemu. Mwenye duka mmoja, ambaye watu walimwita Makumbusho kwa jinsi alivyorundika redio za mbao na mashine za taipu zisizo na mnunuzi, alikuwa ametuma picha ya kaseti. Mbweha wawili, taa na kamba. Kona moja ya stika imechubuka. Chini yake ameandika: "Gemu ya zamani, jina halisomeki. Anayeijua anitafute." Bei aliyoitaja haikufika hata ya kujaza gesi friji moja. Fundi Gesi alijigonga kichwa kwenye kompresa, na hakusikia maumivu mpaka jioni.

Mwenye akili angelipa palepale. Lakini huyu alikuwa fundi, na fundi hajui kukubali bei ya kwanza. Alijua mteja akionyesha shida yake, bei inapanda; yeye mwenyewe amewapandishia wengi kwa kuwatazama tu usoni. Kwa hiyo akaamua kwenda kwa hila. Siku ya kwanza alimtuma mkewe apige simu kuuliza kama mzaha. Siku ya pili akamtuma kinyozi. Siku ya tatu akamtuma mwenye duka la vioo, ambaye aliagizwa aulize habari za "hicho kidude cha Mbweha wa Taa", kisha acheke na kusema ni takataka. Hesabu yake ilikuwa kwamba Makumbusho atakata tamaa, ashushe bei mpaka chini, ndipo mwenyewe ajitokeze na kuondoka nayo bila jasho.

Makumbusho naye alikuwa amekaa mwezi mzima bila mtu kumwuliza hata bei ya kikombe. Ghafla wanakuja watu watatu kwa siku tatu. Na si hao tu. Alipiga simu mlinzi wa hospitali, akapiga mfamasia, kisha mama mmoja mwenye sauti ya upole, na hao Fundi Gesi hakuwatuma. Makumbusho hakuhitaji elimu kubwa. Kitu kinachoulizwa na watu sita ndani ya wiki moja hakiwezi kuwa takataka. Akafuta bei ya kwanza, akaandika: "ADIMU SANA."

Fundi Gesi akapiga simu mwenyewe, hila zote pembeni.

"Kaka, hiyo sasa ni bei ya friji," Makumbusho akamwambia.

"Friji jipya au la mtumba?"

"La mtumba. Lakini la milango miwili."

"We bwana! Wiki iliyopita ulikuwa karibu unaigawa bure!"

"Wiki iliyopita sikujua kama ni Mbweha wa Taa. Watu wamenifungua macho. Kuna mama mmoja anaitaka kufa na kupona, na yeye anaiita hivyohivyo."

Fundi Gesi akamlaani mwenye duka la vioo moyoni, mtu ambaye mdomo wake hauna kifuniko, kwa kulitembeza jina lile mjini. Hapo ndipo angesimama akafikiri. Walimwengu wote ukiwakusanya, ni watu wawili tu waliowahi kuiita kaseti ile jina hilo, na mmoja alikuwa yeye. Lakini mtu akishapandwa na mori wa mnada, akili huiweka rafuni. Akaongeza bei. Yule mama akaongeza. Akaongeza tena. Friji moja ikawa mbili, zikawa mbili na kiyoyozi. Makumbusho kazi yake ilikuwa kupiga simu huku na huku na kusema, "Mwenzio amepanda," na kila akisema alikuwa anasema kweli.

Jioni ya Alhamisi mkewe aliinama kufagia uvunguni, akainuka na ufagio hewani.

"Baba watoto, boksi liko wapi?"

"Nimeliuza."

"Lote? Kwa hiyo umepona?"

"Bado. Imebaki moja."

Mkewe akarudi kufagia. Ndoa ya miaka ishirini ina maswali ambayo hayaulizwi mara mbili.

Makumbusho alipoona simu zinamchosha, akawaita wote wawili dukani Jumamosi saa nne asubuhi, atakayeweka nyingi mezani aondoke nayo. Fundi Gesi aliwahi. Akakuta mteja mmoja ameshafika, mwanamke amempa mgongo, ameinamia kaseti juu ya meza bila kuigusa, mikono ameifunga nyuma kama mtu aliyekatazwa. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, vya wodini.

"Dada?"

Mwanamke akageuka. "We! Unatafuta nini huku?"

Halafu wote wawili wakaitazama kaseti, wakatazamana, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Mnajuana?" Makumbusho akauliza.

"Huyu ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Makumbusho akakaa chini taratibu, uso wa mtu aliyeona mvua inakuja na nguo zake ziko kambani.

Dada alicheka kwanza, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akafuta macho.

"Nilikuwa nakununulia wewe, mjinga wewe. Miaka yote naitafuta. Niliacha dirisha wazi, ukakosa gemu yako, na wewe hukunilaumu hata siku moja. Baba alinikasirikia, alikuwa na haki. Lakini wewe hukusema neno. Nikasema siku nikiipata nitakuletea mpaka karakana, labda roho yangu itatulia."

Fundi Gesi akafungua mdomo. Makumbusho, aliyeiona biashara ikimponyoka, akaruka na nyaya mkononi.

"Ijaribuni kwanza, jamani! Kitu cha thamani lazima kijaribiwe!"

Akaichomeka kwenye mashine, akawasha runinga nene yenye kitako. Skrini ikabaki nyeusi.

"Ipulize," ndugu wawili wakasema kwa pamoja.

Fundi Gesi akaichomoa, akaipuliza mara mbili, akairudisha. Ule wimbo wa mwanzo ukaanza, mwembamba, unapanda na kushuka ngazi. Dada akavuta kigoda. Hakuuliza, akachukua pedi ya kuchezea, ile ya kamba. Mdogo wake akakaa na ya taa. Vidole vya Fundi Gesi vilikuwa vimekomaa kwa shaba na lehemu, lakini vilijua pa kwenda. Wakavuka daraja la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne taa ikazimika.

"Hatua tatu kulia," dada akasema gizani. "Ruka. Mbili mbele. Simama! Nimesema simama, husikii wewe?"

Alikuwa hajasahau hata hatua moja. Alikuwa anacheka, muuguzi mkuu mzima, bega lake linamgonga mdogo wake kila mbweha alipoyumba, na Fundi Gesi alihisi raha ileile ya sakafuni kwao, raha ambayo alikuwa ameitafuta kwenye kila kaseti aliyowahi kuinunua na hakuipata hata kwa moja. Ilikuwa hapa, na ilimuuma. Kwa sababu alikuwa ameshaona jinsi mambo yalivyojipanga. Akinyamaza tu, dada atamnunulia kaseti, atampa, atarudi nyumbani ametulia, na kila mtu atakuwa na furaha. Shetani hajawahi kumwandalia mtu meza nzuri kama ile.

Wakafika daraja la saba. Mbweha wakaanguka majini, kama siku zote.

"Haya," dada akasema, akishusha pumzi. "Sasa roho yangu imetulia."

Fundi Gesi akaweka pedi chini.

"Dada, hakukuwa na mwizi."

"Mwizi gani?"

"Wa ile siku. Mashine niliiuza mimi. Niliuza kwa viatu. Wewe dirisha ulilifunga."

Wimbo wa mwanzo ukaanza tena wenyewe. Makumbusho, kwa mara ya kwanza wiki ile, alifanya jambo la busara: alichukua kitambaa, akaenda kufuta vumbi mwisho kabisa wa duka.

"Viatu vile vyenye mistari myekundu?" dada akauliza.

"Vile."

"Nilikuwa navifua mimi vile viatu. Kila Jumamosi."

"Najua."

"Baba amekufa anajua ni mimi."

"Najua, dada."

"Hujui." Akasimama, akatia mkoba kwapani. Hakupaza sauti, wanaomfahamu wodini wanaijua sauti ile na wanaiogopa. "Mama yupo. Utakwenda kumwambia kwa mdomo wako. Sasa hivi."

"Na kaseti je?"

"Kaseti ya nini?"

Wakatoka. Makumbusho akawafuata mpaka barabarani, kaseti mkononi. "Jamani, nusu bei!" akaita. "Robo! Basi, ile ya mwanzo kabisa!" Hakuna aliyegeuka.

Walimkuta mama uani kwake, ameketi kwenye benchi, anakunja mashuka yaliyokauka. Akafurahi kuwaona pamoja, akaanza kuulizia wajukuu mmoja mmoja. Mama alikuwa mzito wa sikio la kushoto, na la kulia halikuwa mbali. Kwa hiyo maneno ambayo Fundi Gesi aliyasema kwa mnong'ono dukani, hapa ilimbidi ayapaze. "Niliiuza mimi, mama!" Mama akasema eti? "Nasema mashine ya gemu! Niliiuza mimi! Dada hakuacha dirisha wazi!" Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa anasugua sufuria, akaacha kusugua.

Mama aliweka shuka mapajani. Kisha akamgeukia binti yake.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, mama," dada akajibu, kwa sauti ileile ya kumsomea daktari karatasi ya mgonjwa. "Nilisema siku ile. Nikasema wiki nzima. Halafu nikachoka. Halafu nikaanza kuliona kabisa dirisha liko wazi, pazia linapepea, nikajua kumbe kweli niliacha."

Fundi Gesi alidhani ameshayasikia yote ya kusikia. Hilo hakulijua. Alikuwa anafikiri muda wote kwamba dada yake alionewa akijua ameonewa.

Mama akataka kuinuka. Mwana akanyoosha mkono amsaidie, mama akausukuma pembeni, akampa lile shuka alishike. Akashika mkono wa binti yake, akamvuta akaketi naye benchini, akamgeuzia sikio la kulia.

"Sema tena."

"Niseme nini, mama?"

"Yale uliyokuwa unayasema siku ile. Baba yako hayupo, lakini mimi nipo. Leo nasikiliza."

Sauti iliyomtoka dada haikuwa ya wodini, wala haikuwa ya mwanamke wa miaka arobaini na tisa.

"Nililifunga, mama."

"Ulilifunga."

"Nililifunga nikalisukuma kwa mkono."

"Ulilifunga, mwanangu. Tuliokosa ni sisi."

Dada akaweka kichwa begani kwa mama yake akalia, analia kwa nguvu kama mtoto aliyetoka kuchapwa sasa hivi, na mama akampigapiga mgongoni bila kumwambia anyamaze. Fundi Gesi alibaki amesimama na shuka mikononi. Hakuna aliyemwambia akae, naye hakukaa.